Njia ya Garsen na Shokomzoba za Pikipiki Kuukuu

Ukishaondoka Malindi na kuyapita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, nchi hufunguka. Nyumba huwa mbalimbali, miti ya miiba huchukua nafasi ya minazi, na joto la Tana River hukupokea usoni kama pumzi ya tanuri. Hadi Garsen ni kama kilomita 110. Kwa basi ni usingizi mmoja tu. Kwa pikipiki kuukuu ni jambo jingine, maana kila kiraka cha lami, kila shimo na kila tuta hupita mikononi kabla ya kufika mgongoni.

Januari 2025 nilipanda nyuma ya rafiki yangu, mwalimu wa Mombasa, aliyekuwa akienda Kipini kumtazama mama yake. Kipini, msomaji, ndipo Mto Tana unapoingia baharini baada ya safari ya takriban kilomita 1,000, na ndipo wenyeji wanapoonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo. Pikipiki yenyewe ni Honda Transalp ya 1989, mashine iliyoundwa kwa safari ndefu. Injini yake haina neno. Tatizo lilikuwa mbele.

Kabla ya Minjila, ng'ombe wa Waorma walikata barabara. Mwalimu akashika breki. Mbele ikapiga mbizi mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma, gurudumu likayumba. Tulisimama hatua chache tu kutoka kwa fahali mwenye nundu kubwa, ambaye hata hakujisumbua kutugeukia. Mkewe mwalimu alikuwa ameshakataa kuipanda pikipiki hiyo tangu mwaka uliotangulia. Nilimwelewa.

Minjila ni mlango wa Garsen. Hapo njia hugawanyika: moja huenda Hola na Garissa, nyingine huvuka mto kuelekea Witu na Lamu. Sokoni utawakuta Wapokomo na ndizi na maembe yao ya mtoni, Waorma na maziwa yao, na vijana wa bodaboda wakisubiri abiria chini ya miti. Panapokuwa na bodaboda wengi hapakosi fundi. Tulielekezwa kwa mmoja wa makamo, mwenye karakana ya mabati manne.

Mwalimu alikuwa na dawa yake tayari: atie oili nzito zaidi ili mbele iache kuzama. Fundi akatikisa kichwa. "Mwalimu, oili nzito haibebi mzigo. Inachelewesha tu. Mzigo unabebwa na springi."

Akafunga uzi kwenye bomba la mbele, juu kidogo ya sili, akamwambia mwalimu akae taratibu na mizigo yote, kisha ashuke. Uzi ulikuwa umesukumwa juu milimita 90. Shokomzoba za mbele za Transalp hiyo zina mwendo wa milimita 200. Mpanda pikipiki akikaa, inafaa zizame kati ya robo na theluthi ya mwendo huo, yaani 50 hadi 67. Hii ilikuwa imekula karibu nusu kabla hata ya kuondoka! Ikifika shimoni itabakiwa na nini?

Wanafunzi wa fizikia watakumbuka sheria ya Hooke: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaowekewa. Springi iliyochoka huwa fupi, na pikipiki huanza safari ikiwa imeinama. Bodaboda wengi hukata kipande cha bomba la plastiki ngumu na kukiweka juu ya springi. Mbele huinuka kweli, lakini ugumu wa springi ni ule ule. Hiyo ni huduma ya kwanza, si tiba.

Na ile oili nzito? Shokomzoba za zamani huipitisha oili kwenye vitundu vidogo. Gurudumu likipigwa ghafla na ukingo wa shimo, oili nzito haiwahi kupita. Mguu wa mbele hukaza kama gogo, na pigo lote humwendea mwendeshaji. Mashimo yakifuatana, mbele haipati nafasi ya kuinuka tena.

Siku hiyo fundi alibadilisha sili zilizokuwa zikivuja, akayasugua mabomba yaliyoanza kushika kutu (chumvi ya Pwani haina urafiki na chuma), akatia oili ya kiwango kilichoandikwa na waundaji. Aliipima kwa rula, miguu yote miwili sawasawa. Kabla ya kufungua vifuniko aliiegemeza pikipiki kwenye kreti chini ya injini, kwani springi iliyobanwa huweza kuruka na kumpiga mtu usoni.

Springi ngumu zaidi, zilizochaguliwa kwa uzito wa mwalimu na mizigo yake, ziliagizwa kutoka ng'ambo. Wapo wanaong'oa mbele yote na kufunga ya pikipiki mpya. Inapendeza machoni, ila gharama yake si ya mshahara wa mwalimu, na kwa maoni yangu haihitajiki.

Tulirudi Agosti, mwalimu akiwa amempakia mkewe, mimi nikiwatangulia kwa basi. Njia ya Lamu ilikuwa kavu. Si hivyo kila mwaka: Novemba 2023 mafuriko yaliikata huko Lango la Simba, magari yakakwama pande zote mbili. Niliwasubiri karakanani.

Mkewe alishuka, akajinyoosha, akaomba maji baridi. Fundi alichuchumaa kuutazama uzi. Safari nzima kutoka Malindi ulikuwa umepanda milimita 150. Zilibaki 50 ambazo hakuna shimo lililozigusa. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akauliza kama tumeshakula.