Bildi na Waya

Mabaharia wa mwambao wana neno bildi: risasi nzito iliyofungwa kamba, hutoswa majini ili nahodha ajue amebakiwa na pima ngapi kabla ya kupanda mwamba. Katika bahari nyingi za dunia, risasi hiyo ilipakwa shahamu kitakoni, ikarudi juu na habari ya chini: mchanga, tope, au vipande vya chaza. Siku hizi neno hilo laonekana zaidi katika makamusi kuliko vyomboni.

Mzee mmoja, mzaliwa wa Mkoani, Pemba, hakupata kumiliki bildi. Alikuwa na mshipi, chubwi na kidole cha shahada. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kidole hicho ndicho kilichomweleza chini pakoje. Kisha kisukari kikamwingia, na ganzi ikaanzia vidoleni. Alipochukuliwa na mwanawe kwenda kukaa naye Muskegon, ufukweni mwa Ziwa Michigan, alikuwa hajamwambia mtu kwamba kidole kimenyamaza.

Mwana alijua siku ya kwanza ziwani. Alimpa babake mshipi wenye chubwi, akamtazama akiuteremsha, ukateremka, ukalegea wote juu ya sakafu ya ziwa, na mzee bado anauachia.

Hakusema neno. Majira ya baridi yote yaliyofuata aliyatumia kufunga mashine mbili kwenye boti yake ndogo.

Wavuvi wa huko huziita daunriga. Ni roda ya umeme iliyofungwa ubavuni, yenye waya na tufe la risasi la kilo nne au tano. Mshipi wa ndoana hubanwa kwenye waya kwa kibano, tufe likauzamisha, na boti ikarambaza polepole. Samaki akivuta, kibano huachia, mvuvi akapambana naye bila ule uzito. Zilienea sana katika maziwa hayo baada ya 1966, mwaka ambao salmoni wa pwani ya Pasifiki walianza kupandikizwa Ziwa Michigan. Lakini mwana hakuwa na haja na salmoni. Alimtaka trauti wa ziwa, samaki wa asili wa maji yale, ambaye wakati wa joto hushuka kwenye baridi ya chini, akalala karibu na mawe. Kumpata ni sharti tufe lipite juu kidogo ya sakafu bila kuigusa.

Ndipo alipoiunganisha daunriga na kipima-kina. Kipima-kina hupeleka sauti chini na kuhesabu muda wa kurejea kwake. Katika maji ya mita 30, sauti huenda na kurudi kwa takriban sehemu nne za mia za sekunde. Tarakimu hiyo hupita kwenye waya hadi kwenye mota, nayo mota, inayojua imeachia waya kiasi gani, huamriwa: kaa mita mbili juu ya sakafu. Chini kukiinuka, tufe hupanda, kukishuka, huteremka. (Washairi hulijua neno kina kwa maana nyingine, na pengine wangeona ajabu kukiona kikipimwa kwa betri ya volti 12.)

“Shikamoo, Baba. Leo utaona,” mwana alisema asubuhi ya safari.

“Marahaba. Tutaona.”

Kwa saa nzima mashine ilitii. Walipopanda tuta la mawe, tufe lilipanda nalo. Mzee alikaa mbele ya kioo, mikono mapajani, hajui aangalie nini. Boti ilipoanza kuliacha tuta kuelekea maji mengi, tarakimu zikaongezeka, na mota ikaanza kuachia waya.

“Mwanangu, inua.”

“Baba, chini kumeshuka. Tazama.”

“Chombo kimeshavuka. Risasi haijavuka.”

Waya ukakaza, boti ikainamia ubavu mmoja, na tufe likabaki ziwani.

Kosa halikuwa la mashine. Chombo kikiwa mwendoni, waya hulala nyuma, na tufe hufuata kwa mita kadhaa. Kipima-kina huitazama sakafu iliyo chini ya boti, si ile ambayo tufe inaipitia. Kwenye mpando, tofauti hiyo ni salama, maana mota huinua mapema. Kwenye mteremko hushusha mapema vilevile, na hapo ndipo mawe yalipo. Mzee hakuyajua hayo kwa kidole.

Mwana alinunua tufe jingine, zito zaidi ili waya usilale sana, akapandisha kipimo hadi mita nne. Pia alikisogeza kiti cha babake karibu na usukani. Safari ya pili, tuta lilipokaribia kwisha, mzee aliinua kidole kile kile chenye ganzi, akakiacha hewani. Mwana akabonyeza kitufe cha kupandisha, akangoja kidole kishuke.