Laki Tano: PS au Laptopu?

Mwaka huu pesa ya kahawa ya shamba letu la Mbozi ilibakiza laki tano baada ya kulipa madeni yote. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, na mzee alishasema mapema kwamba hiyo ni hela ya "mashine ya shule". Dogo akaja na hoja ambayo haikuwa ya kijinga hata kidogo: tununue PS4 iliyotumika. Akasema ndani yake kuna kompyuta kamili, ina intaneti, inakubali kibodi, unaichomeka kwenye TV ileile ya sebuleni, na usiku inapiga gemu. Mashine mbili kwa bei ya moja. Mzee, ambaye simu yake bado ni ya vitufe, akanigeukia: "Wewe ndiye uko chuo. Inafaa au haifai?"

Najua hata huku hosteli mjadala huu upo, hasa bumu likishatoka. Kwa hiyo majibu niliyompa mzee nayaandika hapa kwa urefu kidogo.

Kwanza, swali lenyewe ni la zamani kuliko sisi. Mwaka 1984 Nintendo waliuza huko Japani kibodi pamoja na lugha ya BASIC kwa ajili ya mashine yao ya gemu, Famicom, ili mtoto aandike programu zake mwenyewe. Upande wa pili, Commodore 64 iliyotoka 1982 iliuzwa kama kompyuta ya nyumbani, lakini watoto wengi walioimiliki wanaikumbuka kwa gemu tu. Mpaka kati ya vitu hivi viwili haujawahi kunyooka, na sisi wa Tunduma tunajua mipaka ilivyo: nyumba iko huku, duka liko Nakonde, na mtu anavuka mara tatu kwa siku.

Mwaka jana nilifanya fildi kwa wakala mmoja wa forodha hapo mpakani. Malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni, siku nyingine hadi Mpemba, na kazi yangu mimi mwanafunzi ilikuwa kupanga makaratasi na kutafuta namba za bidhaa kwenye kitabu cha ushuru. Kila kitu duniani kina namba yake humo. Kompyuta iko 8471, katika sura ya 84, pamoja na maboila, pampu na mitambo ya viwandani. Mashine ya gemu iko 9504, sura ya 95, na majirani zake ni karata, meza za biliadi na vifaa vya kasino. Kwa Afrika Mashariki ushuru wa forodha wa kompyuta ni asilimia 0, kwa sababu inahesabiwa kuwa kitu cha kazi. Nilipomsomea dogo hayo akacheka, akasema watu wa forodha hawajui gemu.

Ila kuna watu walioichukulia namba hiyo kwa uzito sana. PS2 ilipoingia Ulaya mwaka 2000, Sony waliweka kwenye diski iliyokuja nayo programu ndogo inayoitwa Yabasic, ambayo mtumiaji angeweza kuandikia programu zake. Wengi walisoma haraka maana yake: mashine ya gemu ilitozwa ushuru kule, kompyuta haikutozwa, kwa hiyo ilifaa PS2 ionekane kompyuta. Walibishana na mamlaka za Ulaya kwa miaka. Nikiwa na lile rundo la makaratasi mbele yangu, nilifurahi sana kujua kwamba hata kampuni kubwa kiasi hicho inaweza kuhangaikia mstari mmoja wa fomu kama mfanyabiashara wetu wa mchele.

Turudi kwenye PS4. Kwa vifaa vya ndani dogo yuko sahihi kabisa. Ina prosesa ya AMD yenye vichwa nane, ya familia ileile inayotumika kwenye kompyuta za kawaida, RAM ya GB 8, na diski ya GB 500 kwa zile za mwanzo. Mfumo wake umejengwa juu ya FreeBSD, ambao ni mfumo wa kompyuta kabisa. Laptopu ninayoandikia makala hii ina RAM nusu ya hiyo. Tungekuwa tunanunua nguvu kwa kilo, PS ingeshinda asubuhi na mapema.

Sasa nikaona badala ya kubishana tujaribu. Jirani yetu ana kibanda cha gemu chenye PS nne. Jumatatu asubuhi, kabla watoto hawajatoka shule, alituachia moja kwa saa nzima. Nilikwenda na kibodi ya USB, mausi, na flashi yenye ripoti yangu ya fildi.

Kibodi ilikubali. Dogo akanitazama kama aliyefunga goli. Tukafungua kivinjari kwa hotspoti ya simu, kurasa zikafunguka, tukaandika maneno tukayatafuta, safi. Mausi ikakataa, mshale unausogeza kwa kijiti cha pedi, taratibu, kama mtu anayeendesha baiskeli kwa meno. Nikajaribu kupakua PDF ya nukuu za somo. Haikupakua. Nikachomeka flashi: ile PS ilitafuta picha, muziki na video, lakini ripoti yangu, faili la Word lililokuwemo humohumo, haikuiona kabisa. Na kama huwezi kulifikia faili, huwezi kulituma kwa msimamizi, wala kuliambatisha kwenye maombi ya mkopo. Kuprinti hatukufika hata kuuliza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema PS "haina uwezo". Uwezo unao, ila umefungwa, na aliyeufunga anakaa mbali.

Kisa cha PS3 kinaonyesha hili vizuri. Ilitoka Novemba 2006 ikiwa na kipengele kilichomruhusu mwenye nayo kuweka mfumo mwingine, kwa mfano Linux, na kuitumia kama kompyuta: kuandika, kufungua mafaili, kutengeneza programu. Na watu waliitumia kweli. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha PS3 1,760 mwaka 2010 likapata kompyuta kubwa ya utafiti kwa gharama nafuu. Lakini tarehe 1 Aprili 2010 Sony walitoa sasisho namba 3.21 lililoondoa kipengele hicho, wakitaja sababu za usalama. Ukikubali sasisho, Linux yako inapotea. Ukikataa, unakosa kucheza mtandaoni. Wateja Marekani wakaenda mahakamani, na miaka mingi baadaye kesi ikaisha kwa suluhu ya kulipa fidia. Fikiria wewe ndiye ulikuwa na tasnifu yako mle ndani, halafu asubuhi unaambiwa uchague kati ya tasnifu na FIFA.

Ili kuwa wa haki, si mashine zote ziko hivyo. Xbox One na zilizofuata zina kivinjari cha Edge kinachokubali kibodi na mausi, na kwa Word ya mtandaoni mtu anaweza kuandika insha hadi mwisho, mradi bando lisikate. Steam Deck iliyotoka 2022 ni mashine ya gemu ya mkononi yenye Linux iliyo wazi. Unaibadilisha ikawa kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa. Tatizo ni kwamba mtaani kwetu sijawahi kuziona hizo zote mbili. Na PS5, ambayo ndiyo wengi wanaiota, haina hata programu ya kivinjari kwenye menyu yake. Kwa maneno mengine, upande wa Sony mlango unazidi kuwa mwembamba.

Dogo alipoona hoja ya kwanza imeyumba, akabadilisha gia. Hii ya pili ndiyo iliyomfanya mzee ategeshe sikio. "Basi isiwe ya kuandikia. Iwe ya biashara. Laptopu inakula tu, PS inaingiza."

Hii hoja naiheshimu. Wengi mnaosoma hapa mmekulia kwenye vibanda hivyo. Mechi moja kwetu ni mia tano, anayefungwa ndiye analipa, anayeshinda anabaki na pedi. Mashine moja ikicheza mechi thelathini Jumamosi, hiyo ni elfu kumi na tano. Kwa siku nne nzuri umepata elfu sitini, ambayo chuo ni mwezi wa kula kwa mtu anayejibana. Nani kati yetu laptopu yake imewahi kumlipa elfu sitini?

Lakini tulikaa na kalamu. PS moja inataka TV yake, na TV ya sebuleni mama hawezi kuiachia, ana tamthilia yake ya saa mbili usiku. Pedi zinakufa, hasa kijiti cha kushoto. PS4 ya kwanza inakula umeme wa kama wati 140 ikiwa kwenye gemu, wakati chaja ya laptopu ya kawaida ni wati 45 au 65. Haina betri; umeme ukikatika mechi imeisha na wateja wanadai hela yao. Wenzetu wa ng'ambo waliliona hilo vibaya mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji Kariba na umeme Zambia ukawa wa kuhesabu saa. Halafu kuna leseni ya halmashauri. Na swali ambalo dogo hakuwa na jibu lake: ukienda chuo, nani anakaa na kibanda? Mama ana genge. Mzee yuko shamba. Mashine inayoingiza hela lazima mtu aikalie kutwa, na huyo mtu alikuwa anaondoka Oktoba.

Mzee akasema tu, "Kumbe hiyo ni kama bodaboda. Bila dereva ni chuma."

Kuna jambo moja wengi wanalisahau kwenye mjadala huu: simu. Kwa mwanafunzi wa Tanzania kitu kilichochukua nafasi ya kompyuta ya nyumbani ni simu, muda mrefu sasa. Darasani kwangu kuna watu wamejaza maombi ya mkopo kwa simu, wakaandika asaimenti kwa simu, wakatuma kwa simu, na GPA zao ziko juu ya yangu. Simu inapakua, inafungua Word, inachomekwa kibodi kwa waya mdogo wa OTG unaouzwa elfu chache. Kama huna hela ya laptopu kabisa, huo waya na kibodi vitakusaidia kuliko PS yoyote. Inachokwama nayo ni kazi ndefu: jedwali lenye safu ishirini, SPSS, michoro ya wale wa uhandisi, na ile ripoti ya kurasa sitini unayotakiwa kurekebisha pembezoni usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Hapo skrini ya inchi sita inakutoa machozi.

Kwa hiyo tulinunua laptopu. Iliyotumika, RAM GB 4, betri ya saa mbili hivi, na herufi "ng'" yake ina matatizo kwa sababu kitufe cha N lazima ukibonyeze kwa hasira. Laki nne na themanini. Dogo alininunia siku tatu. Siku ya nne nikamkuta ameweka PPSSPP, ile programu inayoiga PSP, anacheza mpira kwenye laptopu hiyohiyo kwa pedi aliyoazima kibandani. Sikumwambia kitu. Nilitamani angalau atambue kwamba safari ya upande huu inawezekana, ya upande ule imemshinda na prosesa yake ya vichwa nane.

Wiki moja kabla sijarudi chuo, jirani mwenye kibanda alikuja jioni. Yeye madeni ya wateja anaandika kwenye kauntabuku, kila jina na mechi zake, huku nyuma yake zinanguruma mashine nne ambazo kila moja inaizidi laptopu yetu nguvu. Halmashauri walitaka barua ya maombi ya leseni, iliyochapwa, na steshenari ya karibu ilikuwa imefungwa. "Hodi. Dogo, hiyo yako inaandika?"

Dogo akaandika, akahifadhi kwenye flashi kwa ajili ya kuprinti kesho yake, akamtoza elfu mbili. Nikamwambia jirani hatozwi, tena alituachia PS yake saa nzima bure.

"Saa moja ni mechi sita," dogo akajibu. "Elfu tatu. Basi kaka, mwambie namdai barua nusu bado."

"Wewe ndiye unadaiwa," nikamwambia.

Jirani akacheka, akaitoa ile elfu mbili hata hivyo, akaondoka na flashi yetu. Mpaka naandika hapa hajairudisha.