Anayeyumba Katikati

Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio Twende na Wakati mwaka 1993, na pale kwetu Tandika kila mtu alimjua Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo. Mama zetu walimlaani huku wakichambua mchele. Mkewe, Tunu, walimwonea uchungu kama binti yao. Ukubwani nikaja kujua kuwa Dodoma haikurushiwa mchezo ule hadi 1995, ili watafiti walinganishe mikoa. Nikajua pia kwamba mtindo wake ulitoka kwa Miguel Sabido wa Mexico: yupo mwema, yupo mwovu, na yupo anayeyumba katikati. Huyo wa tatu ndiye niliyemlea katika miaka yangu yote ya utayarishaji.

Enzi za michezo ya Kaole kwenye runinga, kundi lililowatoa akina Kanumba na Ray, waigizaji wengi wa mjini hapa walipewa kisa tu, maneno wakajaza wenyewe. Kiswahili kilitoka kikiwa moto, cha mtaani kabisa, na mpaka leo nakitamani. Lakini tamthilia ya kila wiki, tena ya mwaka mzima, haiendeshwi hivyo. Nilianza kwa kushika nyaya, nikapewa daftari la mwendelezo, na hapo ndipo nilipoipenda kazi. Wengi hudhani daftari lile ni la kitenge na hereni. Kubwa zaidi ni siri: nani anajua nini, alikisikia kwa nani, na nani bado hajui. Tunarekodi sini za nyumba moja zote kwa pamoja, kwa sababu nyumba ni ya kukodi, kwa hiyo mwigizaji hulia msiba asubuhi na jioni akacheza harusi iliyoutangulia. Siri ikivuja kabla ya wakati wake, hadithi imekufa.

Sauti nayo ina sheria zake. Mwananyamala tunasubiri adhana iishe, bodaboda zipite, jirani azime redio. Mvua ikigonga bati, tunakula.

Chaneli ya Maisha Magic Bongo ilipoanza mwaka 2015, kisha zikaja kazi kama Jua Kali ya mtayarishaji Lamata, tamthilia zikawa ajira ya kudumu kwa wengi wetu. Mimi nilizoea kwenda kuangalia marudio ya mchana saluni. Msusi macho yake yako kichwani kwa mteja. Fundi cherehani yake yako kwenye pindo. Tamthilia ya mchana inasikilizwa. Ndiyo maana nawataka waandishi wataje majina na waachane na sini ndefu za kutazamana kimya.

Msimu huu tuna binti wa Mbagala anayemficha mumewe deni la kikoba. Saluni wamegawanyika.

“Amwambie tu mumewe!”

“Shoga, akimwambia anaachika.”

Waandishi walitaka akiri wiki ijayo. Nimewaambia abaki na siri yake hadi Ramadhani, na shangazi yake aanze kuhisi kesho.