Miwani ya Theluji kwa Siku Isiyo na Kivuli

Leo Linux ipumzike kidogo. Kuna kijana mmoja wa hapa Nairobi, mwandishi wa programu kama mimi, amepata kazi Luleå, kaskazini mwa Uswidi. Kwa kuwa niliwahi kufanya kazi huko kwa miaka mitatu, ameniuliza anunue nini kabla ya majira ya baridi. Nilimjibu kwamba koti atapata popote, lakini miwani ya kuendeshea pikipiki ya theluji aichague kwa makini. Sababu zangu hazikutosha kwenye SMS, basi naziweka hapa.

Pikipiki hiyo haina magurudumu. Mbele ina vitelezo viwili vya kukatia kona, nyuma mkanda wa mpira unaoisukuma. Wenzako ofisini watakualika milimani wikendi, na utapenda. Hatari kubwa huko si baridi, ni mwanga.

Siku ya jua, kila tuta la theluji lina kivuli chake na unaliona toka mbali. Mawingu yakitanda, mwanga hutoka kila upande wa anga, na theluji nayo huurudisha juu. Vivuli vinatoweka. Msituni angalau miti hukupa kipimo cha jicho, lakini ukipita mahali miti inapoishia, mbingu na ardhi vinakuwa karatasi moja nyeupe. Ukienda kilomita 50 kwa saa, unapita karibu mita 14 kila sekunde bila kujua kama mbele kuna tuta au shimo.

Sisi wa tarakilishi tunaielewa shida hii upesi. Ni kama picha ambayo pikseli zake zote zina thamani kati ya 240 na 250. Mwanga upo tele, kinachokosekana ni tofauti. Kuwasha taa hakusaidii. Unachohitaji ni kichujio cha kuikuza ile tofauti ndogo iliyobaki.

Sasa tuje dukani. Lenzi za miwani ya theluji hupangwa kwa kiasi cha mwanga zinachopitisha:

S0: asilimia 80 hadi 100
S1: asilimia 43 hadi 80
S2: asilimia 18 hadi 43
S3: asilimia 8 hadi 18
S4: asilimia 3 hadi 8

Zile nyeusi zinazong'aa kama kioo, ambazo vijana hupenda kwa picha, kwa kawaida ni S3. Ni nzuri siku ya jua kali. Siku ya mawingu zinapunguza mwanga, na jicho likipungukiwa mwanga hushindwa zaidi kutambua tofauti ndogo. Chukua S1, rangi ya manjano, chungwa au waridi. Rangi hizi huzuia sehemu ya mwanga wa buluu, na mikunjo ya theluji hujitokeza kidogo. Usidhani lenzi nyepesi haikingi miale ya urujuanimno: plastiki ya polikaboneti huizuia hata ikiwa haina rangi. Hakikisha tu kibandiko kinasema hivyo, maana miale hiyo hupenya mawingu.

Mengine kwa ufupi. Lenzi iwe ya tabaka mbili, la sivyo pumzi yako itaganda ndani. Usifute upande wa ndani kwa kidole, utakwangua dawa ya kuzuia ukungu. Nenda dukani na helmeti yako, ujaribu vyote pamoja. Ukivaa miwani ya macho, kama wengi wetu tunaokodolea skrini, tafuta fremu yenye nafasi yake. Lenzi za kukata mng'aro zinaweza kufanya skrini ya pikipiki ionekane nyeusi. Zile zinazojigeuza rangi zenyewe huchelewa kurudi kuwa nyepesi kukiwa na baridi.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo muuza duka hatakwambia. Machi moja tulikuwa milimani upande wa Kiruna, mawingu yakashuka. Nilitoa lenzi nyeusi nikaweka ya manjano, na kweli nikaanza kuona mistari ya upepo hatua chache mbele. Mwenyeji wetu, mzee aliyekulia huko, alivaa ya manjano vilevile. Lakini alisimama ghafla, akafinyanga donge la theluji akalirusha mbele. Likatoweka. Upepo ulikuwa umechonga ukingo, na chini yake palikuwa na shimo la kimo cha mtu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona.

Kichujio hufanya kazi na data iliyopo. Kama kivuli hakipo kabisa, hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokiumba. Kwa hiyo, kijana, nunua S1 ya manjano, beba S3 ya jua mkobani, na mawingu yakishuka fuata njia yenye misalaba myekundu kwenye nguzo, mwendo wa pole. Nguzo zikianza kupotea machoni, zima injini usubiri. Wenyeji husubiri, na hakuna anayewacheka.

Mwenye swali aniandikie. Wiki ijayo tunarudi kwenye seva zetu.