Bukavu: Mwandishi wenu amerudi kwenye kazi ya umeme

Wengi mnanijua kwa sauti. Tangu mwezi wa tatu wengine wameanza kunijua kwa ngazi, kwa sababu wamenikuta Nyamugo nikiwa juu ya nyumba ya mtu, turnavisi mdomoni, wakauliza kama redio imenifukuza. Hapana, haijanifukuza. Ila maswali yamekuwa mengi, kwa hiyo naeleza.

Nilipata diploma ya serikali mwaka 2008, katika ufundi wa umeme. Baba ndiye alichagua. Alisema mji wenye mto Ruzizi hautakosa kazi ya umeme, na kweli kituo cha Ruzizi I kinafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na umeme wa Ruzizi II tunaugawana na Rwanda na Burundi. Lakini mimi nilipenda mikro. Nikafuata mafunzo ya uandishi wa habari, nikaingia redioni, na vyombo vyangu vikaingia chini ya kitanda.

Miaka 14 nimetangaza moto. Anayeishi Kadutu anajua: nyumba za mbao zimebanana mlimani, mabati yanagusana, na njia ni nyembamba hata gari la kuzima moto halifiki. Kila mara niliandika sentensi ileile: "Chanzo cha moto kinasemekana kuwa hitilafu ya umeme." Hilo neno "kinasemekana" lilinisaidia sana. Mimi mwenye diploma ya umeme sikuwahi kuinama nitazame waya hata mmoja.

Siku moja mama mmoja muuza samaki, ambaye nyumba yake iliungua yote, alinisimamisha sokoni. "Papa, ulisema redioni umeme ndio ulichoma nyumba yangu. Ulijuaje? Na nikijenga tena, nifanye nini usinichome tena?" Nilikosa jibu. Nilimwambia nitarudi.

Nilivuta sanduku chini ya kitanda. Betri za kifaa cha kupimia zilikuwa zimeoza ndani. Nikaenda kwa fundi mmoja wa miaka 24, nikamwomba anipokee kama mwanafunzi. Ananiita yaya, lakini hilo halimzuii kunigombeza. Wiki ya pili tulikuwa tunabadilisha prizi, mwenye nyumba akasema umeme umeenda tangu asubuhi. Nikashika waya. Umeme ukarudi. Nilijikuta chini, mkono wa kulia umekufa ganzi mpaka jioni. Kijana alishuka, akafungua kisanduku cha ukutani, akanionyesha dijonkteri ikiwa bado imewashwa. "Yaya, umeme kwenda si umeme kukatwa." Shuleni nililijua hilo. Nililiandika hata kwenye mtihani.

Mke wangu aliposikia alisema mikro haijawahi kuua mtu. Nikamkumbusha Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wa redio, wote walipigwa risasi hapahapa Bukavu. Akanyamaza. Lakini usiku ule hakulala vizuri, najua.

Ninachokikuta katika nyumba za watu sasa kinanitia aibu kwa miaka yote niliyosema "kinasemekana". Mita moja inalisha nyumba ya kwanza, kutoka pale waya unakwenda kwa jirani, kwa jirani mwingine, na wa mwisho hamjui hata mwenye mita. Rishoo ya wati 2.000 kwa volti 220 inavuta karibu ampea 9. Waya wa milimita mraba 1,5 ni wa taa. Prizi zinataka 2,5. Sasa watu wanaweka rishoo mbili, hata tatu, kwenye kamba nyembamba kuliko ile ya taa, iliyopigwa misumari juu ya ubao mkavu. Inapata joto kila siku saa za kupika. Na dijonkteri, ambayo kazi yake ni kukata kabla hatari haijafika, imeondolewa kwa sababu "inasumbua". Mahali pa fyuzi nimekuta msumari.

Kuna jambo lingine ambalo sisi waandishi tunalikwepa: pesa. Mshahara haufiki kila mwezi, kwa hiyo wengi tunaishi kwa kupaje, ile bahasha ya mwenye mkutano. Kutandika waya katika nyumba ya vyumba viwili kunanipa kuliko bahasha tatu. Mwezi uliopita nilirudisha moja. Mwenye mkutano alikasirika kuliko kama ningemtukana.

Redio sijaiacha. Juma lililopita nyumba chache ziliungua tena, na wote waliokuwa pale walisema: umeme. Nilikuwa nimeshaanza sentensi yangu ya zamani. Kisha nikakumbuka kwamba mtaa ule ulikuwa gizani siku ya pili. Nikaingia kwenye majivu, nikauliza huyu na yule, mpaka mtoto mmoja akanionyesha kopo walilosimamishia mshumaa kando ya godoro. Nikatangaza mshumaa.

Kesho yake mama muuza samaki alinipigia simu. Mbao amezipata, mabati bado. Aliuliza waya wa 2,5 unauzwa bei gani kwa mita, na kama Jumamosi nina nafasi.