Tiba ya Kobalti na Njia ya Nairobi

Sisi wa Miritini tuliokula chumvi nyingi tumeziona reli mbili: ya kwanza ni ile ya kale, iliyopita kwetu kuelekea Mazeras na Mariakani kabla hatujazaliwa, na ya pili ni hii mpya, ambayo mwaka 2017 ilifunguliwa na stesheni yake kuu ya Mombasa papa hapa kwetu, na baina ya reli hizo mbili ndipo ulipopita umri wangu, na ndipo nilipoyashuhudia mabadiliko ya jambo ambalo watu wa pwani hawakupenda kulizungumza barazani, nalo ni tiba ya saratani kwa mionzi ya kobalti.

Katika ujana wangu, mtu wa Changamwe au Jomvu aliyepatwa na maradhi hayo aghalabu alihesabiwa kuwa ni wa kuuguzwa, si wa kutibiwa. Alilazwa ndani, akasomewa, akanyweshwa kombe, na jamaa wakamzunguka kwa ihsani mpaka amri ya Mola ilipopita. Wala siwahukumu wazee wetu kwa ujinga, maana kisu cha tabibu kilipofika ukomo wa uwezo wake, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Huko ng'ambo mlango ulikwisha kufunguliwa, ingawa kwa gharama kubwa. Radiamu, yenye kutoa mionzi ya kutibia, waliyoivumbua Marie Curie na mumewe Pierre mwaka 1898, ilikuwa adimu hata gramu moja aliyotunukiwa bibi huyo na wanawake wa Marekani mwaka 1921 iligharimu dola 100,000. Na mashine za eksirei za zama hizo zilikuwa na nguvu haba, zikiiunguza ngozi ya mgonjwa kabla ya kulifikia donda lililojificha ndani ya mwili. Ndipo wataalamu wa Kanada walipoichukua kobalti ya kawaida, madini yajulikanayo kwa rangi ya buluu ya vyombo vya kauri, wakaitia katika tanuri la nyuklia la Chalk River mpaka ikageuka kuwa kobalti-60, yenye kutoa mionzi mikali ipenyayo hadi ndani na kuisitiri ngozi. Na mwishoni mwa mwaka 1951, katika mji wa London ulio jimbo la Ontario na katika mji wa Saskatoon, wagonjwa wa kwanza wakatibiwa, miji hiyo miwili ikipitana kwa siku chache tu. Mgonjwa wa kwanza wa Saskatoon, aliyetibiwa kwa mashine ya mwanafizikia Harold Johns, alikuwa mama wa miaka 43 mwenye saratani ya mlango wa kizazi, naye alipona, akaishi hata akafikia miaka 90.

Kenya ilianza tiba hiyo mwaka 1968, miaka mitano baada ya uhuru, katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ambayo enzi za ukoloni ikiitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine hiyo, kwa hivyo mgonjwa wa Lamu, wa Wajir na wa Kisumu, wote njia yao ilikuwa moja.

Njia hiyo niliijua mwanzo wa miaka ya 1980, shangazi yangu alipoambiwa na tabibu mmoja wa kisiwani Mombasa kuwa ana maradhi yale yale ya mama wa Saskatoon. Usiku wa kuamkia safari aliniita, akaniambia, "Mwanangu, watu wasema huko naenda kuchomwa. Nikifa mikononi mwao, nirudisheni nizikwe kwetu." Nikamjibu, "Shangazi, waenda kutibiwa, na inshallah utarudi kwa miguu yako." Tulipanda gari-moshi la jioni kutoka kisiwani, tukakaa katika mabenchi ya daraja la tatu, yeye amejikunja ndani ya leso zake na buibui lake, na kila lilipotikisika behewa alishika tumbo wala hakusema neno. Asubuhi tukaingia Nairobi, tukapokewa na jamaa zetu wa Majengo, Pumwani, ambao nyumba yao ilikuwa imezoea wageni wa pwani wa namna hiyo. Maana mionzi haitolewi kwa mkupuo mmoja, bali kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma kadhaa, ili nyama nzima ya mwili ipate kujirekebisha ilhali chembe za maradhi zikizidi kudhoofika.

Jambo lililomtia wahaka si mashine, bali wino. Wataalamu walimchora alama tumboni na ubavuni, mahali ambapo mionzi ielekezwe kila siku bila ya kukosea, wakamwonya asizisugue kwa sabuni zisije zikafutika. Naye, aliyekuwa mtu wa ibada, akahofu kuwa josho lake halitatimia. Akapelekewa swali sheikh mmoja wa Pumwani, akajibu kuwa maji yakipita juu ya ngozi yatosha, kusugua si sharti, na dini haikuja kumtia mja dhiki. Tangu siku ile shangazi alikwenda hospitali kwa moyo mkunjufu. Alinisimulia kuwa hulazwa juu ya meza nyembamba katika chumba chenye kuta nene za zege, kila mtu akatoka, mlango ukafungwa, akasikia mlio wa chombo kikifunguka juu yake, kisha kimya, kisha mlio wa kufungika. Hakuona mwanga wala hakuhisi moto.

Mlio ule una maana yake. Kobalti-60 haizimwi: iwe mgonjwa yupo au hayupo, mionzi hutoka usiku na mchana, mfano wa udi uliokwisha kutiwa chetezoni, ambao hufuka hata chumba kikiwa kitupu, na ndiyo sababu huhifadhiwa ndani ya kichwa kizito cha risasi, kikafunguliwa kwa dakika zile za tiba tu. Fauka ya hayo, nguvu zake hupungua takriban asilimia moja kila mwezi, hata ikipita miaka mitano na robo hubaki nusu. Mgonjwa aliyehitaji dakika mbili chini ya kobalti mpya atahitaji dakika nne ikishazeeka hivyo, na foleni ya nje hurefuka kwa kadiri hiyo hiyo. Basi wakati huwapunja wagonjwa mara mbili, kwa kukuza donda na kwa kudhoofisha dawa.

Wako wanaoidharau kobalti leo, kwa kuwa zipo mashine ziitwazo linaki, zitoazo mionzi kwa umeme na kukoma umeme unapokatwa, ambazo zilianza kutibu watu mjini London, Uingereza, mwaka 1953. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyotumia kobalti kwa miaka mingi, ilipata linaki zake za kwanza mwaka 2018. Nami sizikatai, lakini linaki hudai umeme usioyumba, maji ya kupozea na mafundi wa daraja la juu, ilhali kobalti ilivumilia hali zetu tulipokuwa na uhaba wa hayo yote. Thamani yake waliijua Waganda mwaka 2016, mashine yao ya Hospitali ya Mulago, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1995 na ndiyo ya pekee nchini, ilipoharibika isitengenezeke, wagonjwa wakabaki bila tiba hiyo nchini mwao.

Siku hizi treni ya Nairobi huanzia hapa Miritini, na safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa ni ya saa tano au sita. Huwaona wagonjwa stesheni, wamekumbatia bahasha za picha za hospitali, wakisaidiwa kupanda na watoto wao. Ni nafuu, sikatai, lakini treni ya kasi haimlipii mtu chumba cha kupanga wala haimpikii uji, na si kila aila ina jamaa Majengo. Shangazi alipata vyote viwili, tiba na mahali pa kulala, akarudi, akaishi miaka mingi mpaka alipofariki kwa uzee. Jirani yetu aliyeambiwa maneno yale yale, akakawia kwa kukosa mahali pa kufikia, hakumaliza mwaka.

Serikali imekwisha kuitaja Mombasa, pamoja na Nakuru na Garissa, kuwa miongoni mwa miji ya vituo vya saratani nje ya Nairobi, na wenye dhamana wajue kuwa kituo kitakachotufaa ni kile ambacho mama wa Miritini atatibiwa mchana na jioni akalala kwake. Nanyi wazazi, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilizinduliwa hapa hapa Mombasa mwezi wa Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10: wapelekeni mabinti wakachanjwe, na mama zao waende kupimwa kabla ya maumivu.