Nta ya Baba na Sanamu ya Dukani



Baba yangu hutundika mizinga porini, upande wa Manyoni. Nilipokuwa darasa la sita nilimsindikiza Dodoma mjini kuuza nta kwa mzee mmoja Mhindu. Nyuma ya mizani palikuwa na sanamu ndogo ya Shiva, ya shaba iliyopakwa dhahabu, ikifukizwa udi. Nami, niliyekuwa nimetoka kupokea Kipaimara, nikasema kwa sauti: "Baba, tusiwauzie waabudu mashetani."

Baba aliinamisha kichwa kwa aibu. Mzee yule akaishusha sanamu taratibu.

"Mjukuu wangu, hii niliinunua Patan, kule Nepal, nilipokwenda kuhiji hekalu la Pashupatinath. Unajua ilianza na nini? Nta, kama hii ya baba yako."

Akanieleza. Fundi hufinyanga umbo zima kwa nta, hulifunika kwa tabaka za udongo, kisha hulitia motoni. Nta huyeyuka na kutoka, na shaba ya moto humiminwa pale ilipokuwa. Udongo huvunjwa, kwa hiyo kila sanamu ni moja tu. Alipomaliza, akatulipa fedha yetu yote.

Seminarini nilisoma Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965. Linautaja Uhindu kwa jina, na linafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, huku likiendelea kumtangaza Kristo. Nilisoma pia kwamba Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulizitetea picha takatifu dhidi ya waliotuita sisi waabudu sanamu. Nikalikumbuka neno langu, likanichoma.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwomba radhi. Mzee alikwishafariki, dukani sasa wanauza simu. Dhambi yangu nimeiungama, lakini yeye sikumwahi.

Sisemi kwamba dini zote ni sawa. Magoti yangu ni ya Kristo. Ila kila Mkesha wa Pasaka, Mbiu ya Pasaka inapotaja kazi ya nyuki, namwona mzee yule ameshika sanamu yake, akimfundisha kwa upole mtoto aliyemtukana.

Ndugu msomaji, kama yupo jirani uliyemdharau kwa ajili ya imani yake, mwendee angali hai.